Norbert Kahle Akataa Kuzama

Shemeji yangu Norbert Kahle alikufa mwezi wa Aprili, mwezi ambao kwetu mtu mwenye adabu hafi. Mtu mwenye adabu hujikaza mpaka Juni. Aprili theluji imeshayeyuka, mvua inanyesha juu ya maji ambayo hayajaenda popote, na udongo wetu, mfinyanzi mtupu kuanzia juu mpaka huko ambako hakuna aliyechimba akafika, umeshiba hadi unabeua. Lakini Norbert hakuwahi kumwuliza mtu lini afanye jambo lake. Alimaliza kifungua kinywa, akamfokea mbwa kwa matope yaliyoletwa na viatu vyake mwenyewe, akaenda bandani. Mwanawe Virgil alimkuta amelala kifudifudi kando ya trekta, amekwenda bila kuaga.

Mimi ni Bernadine, mdogo wake Leona, mke wa Norbert. Sikuolewa, na tangu niliporudi kutoka mjini Toledo nilikaa kwao chumba cha juu, nikila mezani pao na kusikiliza ugomvi wao bure. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuletewa na upepo.

Shuleni tulifundishwa kwamba nchi hii yote, kona hii ya Ohio, ilikuwa ziwa. Barafu kubwa kama dunia ilishuka kutoka kaskazini, ikayeyuka, maji yakakaa hapa miaka na miaka, na tope laini likatua chini taratibu kama unga wa mchuzi usiokorogwa. Kisha ziwa likaondoka, likatuachia sakafu yake. Ndivyo walivyosema masista. Kwa maoni yangu ziwa halikuondoka. Lilijificha tu.

Nchi yenyewe ni bapa kiasi kwamba tone la mvua likianguka halijui liende upande gani, linabaki pale pale likifikiri. Mfinyanzi haulimezi. Mwezi wa Mei kamba wadogo wa matopeni hujenga viminara vyao katikati ya mahindi, kama kwamba shamba ni lao na sisi ndio wapangaji. Julai udongo huohuo unapasuka nyufa za kutisha. Norbert alipoteza humo spana mbili na kifaranga cha bata. Ukiulima mapema kidogo unapata matofali. Ukichelewa kidogo unapata chuma. Siku yake hasa ya kuulima huwa ni Jumapili, na sisi ni Wakatoliki.

Dawa yake inajulikana. Unazika mabomba yenye matundu chini ya shamba, maji yanaingia humo na kukimbilia kwenye mtaro, na shamba linapumua. Majirani wote walizika mabomba, wa zamani ya udongo wa kuchoma, wa sasa ya plastiki. Norbert pekee alikataa.

"Nikiwa juu ya ardhi hii," alikuwa akisema, huku akipiga meza mpaka vijiko vinaruka, "bomba haliingii chini yake!"

Basi kila masika Dorsey Etter, jirani yetu wa ng'ambo ya mtaro, alikuwa ameshapanda, ameshaoga, na yuko baa na bia yake, wakati Norbert bado anazunguka pembeni ya shamba akilitazama kama mtu anayesubiri mgonjwa azinduke. Dorsey ndiye mwenye mashine ya kuzikia mabomba. Aliwahi kuja mlangoni kwetu kumshauri. Norbert alimjibu kupitia dirishani, na hakufungua dirisha. Tangu hapo hawakusalimiana, hata kanisani wakati wa kupeana amani. Norbert alikuwa anapeana amani na nguzo.

Sasa niwaeleze habari za kona ya Norbert.

Makaburi ya parokia yetu yako juu ya tuta la mchanga. Hilo tuta lilikuwa ufuko wa ziwa la kale, na ndiyo sehemu pekee kavu kwa mwendo mrefu, ndiyo maana wazee wetu walijenga hapo kanisa, wakaweka na maiti. Walioishi walikwenda kuhangaika matopeni. Waliokufa walipewa mchanga. Lakini watu hawaachi kufa, na tuta likajaa. Hapo Norbert akasimama mkutanoni, mkono kifuani, akatangaza kwamba anaipa parokia kona ya shamba lake inayopakana na makaburi.

Watu walipiga makofi huku wakitazamana. Tulipaita Konani kwa Vyura. Hapakuwahi kuota kitu pale ila matete. Soya iliyopandwa pale ilioza, ngano ikaoza, na mwaka mmoja hata matete yalionekana kujuta. Lakini padre wetu, Padre Hellmann, alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka mjini Cincinnati, kijana mwenye viatu vizuri. Alikwenda kupabariki mwezi wa Agosti, udongo umekauka kama meza. Akapiga mguu chini, akasema kwa furaha, "Mahali imara kabisa!"

Waumini wote walishikwa na kikohozi.

Kibao cha chuma kikawekwa: kona ya Kahle, zawadi ya Norbert. Na tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kuzikwa humo. Familia zilijibana tutani. Bibi mmoja alizikwa ubavuni mwa wifi yake ambaye hawakuwa wamesemezana tangu harusini, ilimradi tu asipelekwe Konani.

Sasa amekufa mwenye kona.

Virgil, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mikono kama koleo na moyo kama mkate uliolowekwa kwenye maziwa, alikuja jikoni asubuhi ya pili, macho mekundu.

"Mama, nimepima kule tutani. Pembeni ya babu pana nafasi. Tukimlaza ubavu ubavu ataenea."

"Hatalazwa ubavu," Leona alisema. Alikuwa anakanda unga, na alikuwa anaukanda kama mtu mwenye kesi nao. "Aliwapa watu vyura akapigiwa makofi. Atakwenda huko huko kwa vyura."

"Mama, mvua hii..."

"Mwanangu. Tuna kibao chenye jina lake. Unataka watu waseme nini? Kwamba Kahle alitoa kitu ambacho mwenyewe hakitaki?"

"Watu wameshasema hivyo, dada," nilimwambia.

"Basi tuwanyime raha."

Jeneza halikuwa tatizo. Norbert alikuwa amelitengeneza mwenyewe zamani, likakaa bandani limejaa mbegu. La msonobari, mbao nene, na kila mshono ameuziba kwa lami, kwa kuwa aliijua ardhi yake na hakutaka maji yamguse. Sanduku la saruji la kuwekea jeneza alilikataa tangu akiwa hai. Alisema hayo ni mambo ya watu wa Toledo. Tukatoa mbegu, tukamwingiza mwenyewe.

Siku ya maziko mvua ilisimama kidogo, kama inayovuta pumzi. Misa ilikwenda vizuri. Shida ilianza getini mwa Kona. Gari la maiti liliingia, likasonga kidogo, likapiga magoti. Kadiri dereva alivyokanyaga mafuta ndivyo lilivyozidi kukaa, mpaka milango ikawa haifunguki kwa matope. Ikabidi jeneza litolewe kwa nyuma na kubebwa mabegani na wanaume sita wenye viatu vya Jumapili. Mfinyanzi wetu hauna heshima kwa viatu vya Jumapili. Kila hatua ilitoa mlio wa ng'ombe anayeng'oa kwato zake matopeni. Binamu mmoja alipoteza kiatu, akaendelea na soksi, na hakuna aliyethubutu kuinama kukitafuta. Nadhani kiko huko mpaka leo.

Kaburi lilikuwa limechimbwa jana yake. Kuta zake zilikuwa laini, zinang'aa kama zimepakwa siagi, kijivu chenye madoa ya rangi ya kutu. Na ndani yake, karibu kufika ukingoni, palikuwa na maji yaliyotulia kabisa, yenye chura mmoja.

"Nilipiga pampu tangu asubuhi," Virgil alimnong'oneza mama yake. "Ninayatoa, yanarudi."

"Shusheni," alisema Leona.

Wakashusha. Padre Hellmann, ambaye safari hii alikuwa amevaa mabuti ya mpira chini ya kanzu, alifungua kitabu. Kamba zikalegea. Jeneza likagusa maji, likasita, kisha likaelea, jepesi, lenye furaha, kama bata.

Jeneza lilizunguka taratibu mpaka kichwa kikawa upande wa miguu. Norbert alikuwa amempa padre kisogo, jambo ambalo, ukweli lazima usemwe, alilifanya hata akiwa hai.

"Mavumbi kwa mavumbi," alianza padre, kwa sauti ya mtu anayetarajia msaada.

"Vumbi liko wapi?" aliuliza mzee mmoja nyuma yangu. Alikuwa kiziwi kidogo na alidhani ananong'ona.

Virgil alichukua koleo, akaliweka katikati ya kifuniko, akasukuma kwa uzito wake wote. Jeneza likazama. Virgil akapumua. Alipopumua tu koleo likateleza, na baba yake akaibuka kwa nguvu na kummwagia padre maji ya kijivu kuanzia kola mpaka kitabu. Chura akatoka nje, akaondoka zake.

Mtu mmoja alishauri mawe. Mwingine alishauri kutoboa jeneza kwa kekee, na mama yake mzazi akampiga kofi la kisogo papo hapo. Nilimtazama dada yangu nikiogopa ataanguka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikamshika mkono, nikaona kwamba hakuwa analia.

"Usinitazame, Bernadine," alisema kwa meno yaliyobanwa. "Ukinitazama nimekwisha."

Dorsey Etter alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia mkononi, akikagua mawingu kwa bidii sana.

"Dorsey!" dada yangu aliita. "Unacheka?"

"Hapana, Mama Virgil. Jua linanichoma macho."

Jua halikuwepo.

Tulimtoa Norbert, tukampeleka kwenye banda la parokia, tukamweka juu ya viti viwili kando ya mashine ya kukatia majani. Kisha tukaenda ukumbini kula, maana akina mama walikuwa wamepika, na tambi zilizomwagwa juu ya viazi vya kuponda hazisubiri ufufuo. Palikuwa na nyama ya nguruwe ya kuokwa, palikuwa na pai za kila namna, na palikuwa na kicheko kilichokuwa kinazuiwa kwenye kila meza, mpaka unasikia mabenchi yanalia. Leona hakula. Alikwenda moja kwa moja kwa Dorsey, akamsimamia juu ya sahani yake.

"Mashine yako inaweza kufika pale?"

Dorsey alimeza. "Ina minyororo kama kifaru cha vita. Inafika popote. Lakini bomba lenyewe, Mama Virgil, lazima litoke mtaroni lipite kwenye shamba la marehemu ndipo lifike kaburini. Hakuna njia nyingine."

"Najua shamba langu lilipo."

Hapo Virgil akainuka, sahani mkononi. "Hapana! Mama, hapana. Baba alikataza. Mtu hajapoa hata vizuri, mnataka kumzikia bomba?"

"Amepoa vya kutosha, ametoka majini sasa hivi."

"Alisema bomba haliingii! Maisha yake yote alisema. Hilo ndilo neno lake kubwa. Tukilivunja leo, alichoacha ni nini?"

Ukumbi mzima uma zilisimama hewani. Leona alimtazama mwanawe, kisha akamshika kiwiko akamvuta jikoni, na mimi nikafuata maana hakuna aliyeniambia nisifuate.

Jikoni alifunga mlango, akaegemea sinki.

"Unajua kwa nini alikataa mabomba?"

"Kwa sababu yanakausha ardhi ikafa. Yanafyonza nguvu."

"Hayo aliyatunga. Virgil, baba yako alikuwa na kaka, Leander."

"Aliyekufa kwa homa."

"Hakufa kwa homa. Siku hizo mabomba yalizikwa kwa mkono. Babu yako aliwatia vijana wake wawili kwenye handaki, refu kuliko kimo chao, kule kwenye shamba la nyuma. Na unaujua huu udongo. Unasimama wima kama ukuta wa kanisa, unakudanganya, hautoi hata chembe. Halafu unakuja wote pamoja. Baba yako alikuwa amepanda juu kunywa maji. Aliporudi handaki halikuwepo. Alichimba kwa mikono. Nilipoolewa naye kucha mbili zilikuwa hazijawahi kurudi sawa. Mliziona wenyewe, mlidhani ni trekta."

Virgil aliweka sahani chini. Mimi niliishi nyumba moja na mtu yule miaka mingi na kumcheka kila masika, na nilizijua zile kucha. Nikafungua bomba la sinki, nikalifunga.

"Aliniapisha nisiwaambie," Leona aliendelea. "Alisema mwanamume mbishi watu wanamheshimu, mwanamume mwoga hawamheshimu. Basi miaka yote nikapika mahindi yaliyooza nusu, nikanyamaza. Lakini mashine ya Dorsey haihitaji mtu kuingia chini, Virgil. Mtu anakaa juu, anavuta sigara, bomba linaingia lenyewe. Kama angekwenda kuiona siku moja tu! Nilimsihi. Hakuweza hata kuvuka mtaro kwenda kuitazama, kichwa chake kile cha nyumbu, Mungu amrehemu."

Sasa ndipo alipolia. Virgil alimkumbatia, na mimi nikawakumbatia wote wawili kadiri mikono yangu ilivyofika. Nje ya mlango tulisikia pumzi za watu wasiopungua kumi.

Virgil alipangusa uso kwa kitambaa cha vyombo.

"Sawa, mama. Lizikwe bomba. Lakini kuna jambo."

"Jambo gani tena?"

"Alisema: nikiwa juu ya ardhi hii. Ndiyo kauli yake. Na sasa hivi yuko juu ya ardhi. Yuko kwenye viti, bandani. Kwa hiyo bado hatuwezi."

Leona alimkodolea macho. "Virgil. Hawezi kuwa chini mpaka bomba liingie."

"Najua."

"Na bomba haliingii mpaka awe chini."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Mungu wangu, nimezaa Norbert mwingine!"

Wakamwita padre. Padre Hellmann alikuja na nywele zenye tope, akasikiliza pande zote mbili, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Mimi nilisomea roho," alisema mwishowe. "Hayo mengine seminari hawakutugusia." Kisha akafikiri tena. "Lakini niulize. 'Juu ya ardhi' ni juu ya nini? Juu ya majani, au juu ya sakafu ya shimo?"

Virgil alikuna kidevu. "Juu ya majani, nadhani."

"Basi pale kaburini, alipokuwa anaelea, alikuwa chini ya usawa wa majani?"

"Kidogo."

"Kidogo kinatosha," alisema Leona. Alikuwa ameshaanza kuvua aproni. "Kesho asubuhi mnamrudisha majini, mnamshikilia hapo, na Dorsey anawasha mashine. Padre, wewe ni mtu wa maana sana, nilikudharau kwa sababu ya viatu."

Habari zilikimbia. Asubuhi ilipofika walikuja watu wengi kuliko waliokuja siku ya maziko yenyewe, wengine wa parokia jirani, na Walutheri pia, na akina mama walileta kahawa kwenye makopo ya maziwa. Pampu ilipunguza maji kiasi. Norbert alishushwa, akaelea tena kama jana, na wanaume wanne wakamshikilia kwa miti mirefu, wawili kila upande. Binamu wa soksi alikuwa mmojawao, safari hii amejifunga mabuti kwa kamba mpaka magotini.

Virgil alilala kwa tumbo kwenye tope, akapima kwa jicho. Kifuniko kilikuwa chini ya majani.

"Yuko chini ya ardhi!" alipiga kelele.

"Dorsey, washa!" alipiga kelele dada yangu.

Kule mtaroni mashine ilinguruma. Ilianzia chini ya ukingo, ikaja kwetu pole pole ikikata shamba la Norbert, na nyuma yake bomba jeusi la plastiki likawa linateremka kwenye udongo kama nyoka anayerudi kwake. Hakuna mtu aliyeshuka chini. Dorsey alikaa kwenye kiti chake huko juu, na hakuvuta sigara. Alikuwa amevaa koti la Jumapili na kofia ameiweka magotini. Virgil alitembea sambamba na mashine njia nzima, akitazama mahali ule mfinyanzi ulipokuwa unafunguka na kujifunga. Sikuweza kuuona uso wake.

Walipofika kwenye ukuta wa kaburi mashine ilisita, ikasukuma, na tukasikia mlio mdogo, kama mtu anayemalizia supu.

Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Kisha kule mtaroni mke wa Dorsey akapaza sauti, "Yanatoka!" Watu wakagawanyika, nusu wakakimbilia mtaroni kuona maji yanavyomwagika, nusu wakabaki kumtazama Norbert akishuka. Alishuka vizuri. Hakuzunguka, hakuyumba. Alikwenda chini taratibu pamoja na maji yake, ile miti ikimfuata, mpaka tukasikia amegusa. Wanaume wakachomoa miti. Hakuibuka.

"Endelea, padre," Leona alisema. "Kabla hajabadili mawazo."

Padre alisema mavumbi kwa mavumbi, kwa sauti kubwa, na mzee kiziwi akaitikia amina mara mbili. Kurudishia udongo ilichukua muda, kwa sababu mfinyanzi haukubali kutoka kwenye koleo. Unautupa nao unarudi na koleo. Dorsey alivua koti akafanya kazi hiyo na Virgil, mmoja akitupa, mwingine akikwangua. Katikati ya kazi Dorsey alisema, "Sikujua habari za Leander."

"Hata mimi," alisema Virgil.

"Ningekuwa nimeacha kumcheka."

"Hapana, usingeacha."

"Ningepunguza."

Kaburi la pili Konani lilichimbwa kabla ya vuli, la yule mzee kiziwi, na lilikuwa kavu kama kabati. Baada ya hapo watu wakaanza kugombania nafasi, na Padre Hellmann akalazimika kukemea tabia hiyo altareni.

Virgil hakungoja kuambiwa. Soya ilipovunwa alimwita Dorsey, na wakaendelea na shamba lote, kipande kwa kipande, kabla ya ardhi kuganda. Lile shamba la nyuma aliliacha la mwisho. Kabla mashine haijaingia humo alikwenda na mama yake, wakasimama pale kwa muda, mimi nikawasubiri barabarani. Waliporudi walikuwa wanabishana kuhusu mbolea, nikajua yamekwisha.

Masika yaliyofuata mvua ilinyesha ileile. Leona alikaa dirishani na kikombe chake cha kahawa, akitazama madimbwi yanavyonywea, shamba likigeuka kutoka jeusi kuwa la kahawia siku mbili tatu baada ya mvua, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aolewe.

"Inaudhi," aliniambia.

"Nini tena?"

"Kwamba ni rahisi hivi."

Virgil alipanda mahindi, akapanda soya, akamaliza wakati maua ya mitofaa hayajaanguka. Alirudi nyumbani mchana kweupe, mabuti makavu, akakaa barazani akiwa hajui aweke wapi mikono. Akasimama. Akaenda kuangalia kama mbwa ana maji. Akarudi, akakaa tena. Mwishowe Leona alitoka na beseni la njegere, akalitua mapajani mwa mwanawe, naye akaanza kuzimenya moja moja, kwa uangalifu mkubwa, akitazama barabarani kana kwamba kuna mtu anayemjia.